Kengele Isiyohitaji Chaji

Wapo vijana wanaonicheka ninaposema kwamba kila bweni katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa liwe na kengele ya chuma. "Mwalimu," huniambia, "siku hizi kila mtu ana simu. Moto ukiwaka unapiga 114, basi." Ni kweli, namba ya Zimamoto ni 114, na kila mtoto aijue. Lakini kupiga simu ni jambo moja, na kuwaamsha watu waliolala ni jambo jingine.

Katika miji midogo ya Uingereza wazima moto wengi ni watu wenye kazi zao nyingine. Huvaa kiunoni peja, yaani kidude kidogo cha kupokea wito. Wito ukirushwa mara moja, huwalilia wote kwa pamoja. Kwa nini nchi yenye simu tele imeng'ang'ania kitu ambacho vijana wetu wanakiona cha kale? Kwa sababu kina kazi moja tu. Hakipigi muziki wala hakitumi fedha. Kikilia, mwenye nacho anajua ameitwa kazini.

Sasa tazama simu zetu. Usiku nyingine huzimwa kutunza chaji, na nyingine imelala dukani kwa mwenye sola. Huku mpakani mara hunasa mtandao wa nchi jirani, na ukishuka bondeni hainasi wowote.

Hata hivyo, peja ya kawaida nayo ina kasoro: hupokea tu, hivyo aliyeita hajui kama amesikika. Hapo wazee wetu walitangulia. Mtu alipopiga yowe, jirani hakuja kimya. Alilipokea naye akalipiga, likavuka migomba hadi kilima cha pili. Mwenye shida alijua kwamba watu wanakuja.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, usiku mmoja stoo ya jikoni ilishika moto. Simu ya ofisini ilikuwa mbovu. Mlinzi aligonga ringi ya gari iliyoning'inia mtini, akaigonga bila kupumzika. Wanachuo walitoka na ndoo, na majirani wakaja na majembe na mchanga. Tulipoteza maharage na unga, hatukupoteza mtu.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, liliteketea. Watoto 10 walifariki. Sisemi kwamba kengele ingewaokoa. Sikuwapo, wala mimi si hakimu. Nasema tu kwamba baada ya msiba kama huo, hakuna mkuu wa shule mwenye haki ya kulala bila kujua ni nani atakayewaamsha watoto wake, na kwa chombo gani.

Gari la zimamoto, hata likiwa na dereva hodari, halivifuti vilima vyetu. Dakika za kwanza ni za mlinzi, mwalimu wa zamu na majirani. Basi itundikwe ringi, apangwe mgongaji, mlango wa bweni ufunguke kwa ndani, na mlio ujaribiwe kila mwezi, wanakijiji wakiujua. Simu ipigwe pia, lakini ipigwe huku kengele ikilia.

Anayeona haya kwa sababu ringi ni kitu cha kale, na aje anionyeshe kilicho kipya kinachosikika hadi ng'ambo ya bonde saa nane za usiku.