Sindimba Tumeichukua, Mwalimu Wake Tumemwacha

Kila yanapozungumzwa mafunzo ya waigizaji wa jukwaani na wa sinema katika nchi yetu, fikra za wengi huelekea Bagamoyo, kisha Mlimani, kisha ng'ambo. Ni nadra kusikia mtu akitaja Newala au Masasi, ila pale inapotakiwa ngoma ya kumpokea mgeni. Safu hii inakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo imetutia hasara, na kwamba wanaoilipa hasara hiyo ni vijana wetu wenyewe.

Tuanze na historia, maana bila ya historia lawama zitawaendea wasiostahili. Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wetu walikuwa mabingwa wa dansi za Kizungu ilhali ngoma za babu zao hawazijui. Katika miaka hiyo ya 1960 likaundwa Kundi la Ngoma la Taifa. Vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Na mwaka 1974 likafuata kundi la michezo ya kuigiza. Huko Mlimani masomo ya sanaa za maonyesho yalianza mwaka 1967, na ndiko walikotoka walimu na waandishi kama Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba. Makundi yale ya taifa ndiyo yaliyozaa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni wakala wa Serikali kwa jina la TaSUBa. Ukumbi wake mkubwa uliteketea kwa moto mwaka 2002 nao ukajengwa upya. Haya yote ni mambo ya kujivunia, wala hatuna nia ya kuyabeza.

Lakini hebu tuitazame sindimba. Hii ni ngoma ya Wamakonde, na huku kwao ilifungamana na mambo ya jando na unyago, yaani na kazi ya kumtoa mtoto utotoni na kumtia katika utu uzima. Kundi la Ngoma la Taifa liliichukua, ikafundishwa kwa vikundi na shule za nchi nzima, ikachezwa viwanjani na mbele ya wageni wa Serikali, mpaka ikawa kama nembo ya Tanzania. Kilichochukuliwa ni hatua za miguu, mzunguko wa kiuno na mapigo ya ngoma. Kungwi aliyejua kiuno kile kinamfundisha nani, kwa wakati gani na kwa sababu gani, alibaki kijijini. Haikupita miaka mingi likazuka jingine: watu wakaanza kulalamika kwamba ngoma hiyo ni ya aibu. Tunasema hivi: mchezaji aliyefundishwa kukata kiuno bila ya kuelezwa maana yake hana la kufanya isipokuwa kuzidisha. Makofi yakiongezeka, naye anaongeza. Sindimba ilikwenda mjini bila ya mwalimu wake, na aibu tuliyoilalamikia tuliitengeneza wenyewe.

Ugonjwa wa namna hii si wetu peke yetu. Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwakuta waigizaji wa zama zake wakiwa na ishara za akiba: mkono kifuani kwa mapenzi, mkono kwenye paji la uso kwa huzuni, na sauti ya kutetemeka kwa uzee. Akawauliza swali dogo lililowahangaisha. Mtu huyu unayemwigiza, katika hali hii aliyomo, anataka nini? Asiyeweza kulijibu hakuruhusiwa hata kuinua mkono. Kundi lake lilipotembelea Marekani mwaka 1923 na 1924, mafundisho hayo yakaota mizizi huko. Mwaka 1931 likaundwa kundi la Group Theatre, na mwaka 1947 ikafunguliwa Actors Studio katika jiji la New York, ambako Lee Strasberg alifundisha kile ambacho Wamarekani walikiita kwa neno moja tu, Mbinu.

Hapo pana mzozo ambao viongozi wetu wa utamaduni wangefaa kuujua. Strasberg alimtaka mwigizaji achimbue kumbukumbu za machungu yake mwenyewe ili alie machozi ya kweli jukwaani. Stella Adler, baada ya kujifunza kwa Stanislavski mwenyewe mjini Paris mwaka 1934, alirudi akasema sivyo: mwigizaji ajenge kwa fikra hali ya yule anayemwigiza, wala asiwe mfungwa wa misiba yake. Na katika miaka yake ya mwisho Stanislavski naye alizidi kuanza na mwili, kwamba tendo likifanywa sawasawa, hisia hufuata. Sisi tunaona Adler alikuwa na haki. Kumwambia binti wa miaka ishirini amfufue marehemu mama yake moyoni kila jioni ili watu walioingia kwa tiketi wafurahi, ni jambo ambalo wazee wetu wangelikataa.

Moscow na Newala wapi na wapi? Na tuone.

Katika sherehe za kuwatoa wali Wamakonde wana michezo ya vinyago vya uso. Vimo vinyago vya wazee, vya wasichana, vya mashetani, na vya wageni waliopata kuwatawala au kufanya nao biashara. Limo pia umbo moja ambalo linatosha kuwa somo la muhula mzima. Mwanamume huvaa kinyago cha mwanamke usoni, na kifuani hufunga ubao uliochongwa matiti na tumbo la mja mzito. Kisha hucheza, akiigiza uzito na uchungu wa mwanamke anayekaribia kujifungua. Uso wake umefichwa na mti, kwa hiyo hana machozi wala nyusi za kumsaidia. Kila kitu lazima kitoke kwenye mgongo, magoti, shingo na nyayo. Na wanaomtazama ni pamoja na wanawake waliozaa! Mwigizaji wa Actors Studio hupimwa na mwalimu wake. Huyu wa Newala hupimwa na wale wanaolijua jambo lenyewe kwa miili yao, na akikosea hatasitiriwa.

Tena kwa mila mvaaji hatakiwi kujulikana. Watoto na wasiopitia jando huambiwa kwamba aliyekuja si mtu bali ni mzuka. Itikadi hiyo hatuitetei hapa, kila mtu ana dini yake. Tunachoangalia ni kazi anayotwishwa mchezaji. Jirani anayemwona kila siku akienda shambani asimtambue kwa mwendo. Basi anapaswa kuusahau mwendo wake na kuutwaa mwingine, kuanzia kisigino hadi bega. Vyuo vya ng'ambo hutoza ada kubwa kwa somo hilo.

Hatusemi kwamba uwanda wa Makonde una mbinu ileile ya Stanislavski. Yeye alitafuta njia ya kutoka moyoni hadi mwilini. Kinyago kinaanza na mwili. Lakini wote wanakubaliana katika jambo ambalo sindimba ya mjini ililipoteza, nalo ni kwamba tendo lisilo na makusudio si tendo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba habari hizi ni za Bara peke yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi, na makazi yao ndiyo yaliyokuwa chanzo cha misheni na mji ule wa chini ya milima ya mawe. Kwa upande wa pili, watu wa Kusini walivushwa bahari, kwanza kwa minyororo ya utumwa na baadaye kwa kazi za mashamba ya karafuu, na walikwenda na ngoma zao. Unyago wa visiwani, ambao Bi Kidude aliufundisha mpaka alipofariki Aprili 2013, una mizizi yake huku Bara. Na kule Pemba ipo kibati, majibizano ya haraka ya papo kwa papo juu ya mapigo ya ngoma. Mwigizaji wa vichekesho anayetaka kujifunza kumsikiliza mwenzake kabla ya kujibu angefanya vyema kwenda kukaa miongoni mwa wachezaji wake.

Tena kuna vyuo vyetu vya Kurani. Sisi tuliopita huko tunakumbuka jinsi mwalimu asivyoridhika mpaka kila herufi itoke mahali pake, hii kooni, hii katika ncha ya ulimi, hii midomoni, na jinsi pumzi inavyopimwa ili isikatike katikati ya aya. Si kwamba chuo kigeuzwe ukumbi wa maigizo, Mungu apishe mbali. Lakini anayesikiliza filamu zetu, ambamo maneno humezwa na sentensi hukatika pasipo sababu, atakiri kwamba elimu ya sauti tunayo, ila hatujaihesabu kuwa elimu.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo, akapiga picha za ngoma, akarudi navyo Ujerumani. Kwa hiyo watu wa huku walisimama mbele ya kamera ya sinema zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mkoloni alichukua picha akamwacha mwalimu. Taifa huru lilipochukua hatua za ngoma likamwacha mwalimu yuleyule, lilikuwa na nia njema, lakini njia ilikuwa moja.

Sasa tuje kwa vijana wa leo. Baada ya msimu wa korosho utawaona Newala mjini na Masasi wakipiga michezo yao kwa simu za mkononi na kuipeleka mtandaoni. Bidii wanayo. Wanachoiga ni filamu za Dar es Salaam, ambazo wengi wa nyota wake nao walijifunzia kazini katika vikundi kama Kaole, alikotokea marehemu Steven Kanumba, na hawakupita chuo. Ndipo ishara za akiba zinaporudi: kofi, kilio, macho yaliyotumbuliwa. Wenye ndoto kubwa zaidi hupanda basi kwenda mjini. Huko kijana asiye na cheti wala mwalimu wa kumdhamini yumo mikononi mwa yeyote anayejiita mtayarishaji. Wavulana hutozwa fedha za usaili usiokuwapo. Wasichana huombwa jambo jingine. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono na kuiadhibu, lakini binti aliye mgeni wa mji, asiye na chama wala chuo nyuma yake, atamshitaki nani na kwa ushahidi wa nani? Mafunzo yanayotambuliwa karibu na nyumbani ni kinga yake kabla hajapanda basi.

Haki isemwe: TaSUBa inafundisha ngoma za asili, na wahitimu wake wametawanyika kote nchini wakifanya kazi nzuri. Lakini ngoma yenye mizizi ya miaka mingi huwa ni kipindi kimoja katika ratiba, ikifundishwa na mkufunzi ambaye naye aliipokea chuoni. Fundi wa Newala huitwa siku ya tamasha, hupewa nauli na posho, hurudishwa kwao. Hana cheti, na kwa hiyo kwa kanuni za utumishi hawezi kuwa mkufunzi.

Kikwazo hiki kina dawa, na dawa yenyewe imekwisha kujaribiwa. VETA hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, maseremala, waashi na makanika, bila ya kuwarudisha darasani. Kwa nini mvaa kinyago aliyecheza miaka thelathini asipimwe hivyo hivyo? Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari, na sanaa imo. Shule za huku zitahitaji walimu wa fani hiyo, na walimu wanaishi maili chache kutoka shuleni. Visiwani nako kuna mfano. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimewaweka wazee wa taarabu na ngoma kuwa walimu wa vijana. Lililofanyika kwa udi na fidla laweza kufanyika kwa mwigizaji.

Utamaduni si jambo la Muungano. Bara ina wizara yake na Zanzibar ina yake. Kwa hiyo ushirikiano kati ya mafundi wa Newala, TaSUBa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar hautatokea wenyewe; lazima maofisa wa pande mbili wakae na waandikiane.

Lipo sharti moja la kuchunga. Mambo ya unyago yana siri zake, na siri hizo ni za wenyewe. Hatumwombi kungwi apande jukwaani kuyamwaga ya kumbini, na afisa yeyote atakayemlazimisha atakuwa anarudia kosa la sindimba kwa ubaya zaidi. Tunachohitaji ni namna yake ya kufundisha: jinsi anavyomtazama mwanafunzi kwa siku nyingi kabla ya kumsahihisha, jinsi asivyompa hatua ya pili kabla ya kuielewa ya kwanza. Wazee wenyewe ndio watakaoamua kipi kitoke na kipi kibaki.

Halmashauri za Masasi na Newala, ambazo hupata ushuru wa korosho, huandaa bajeti zao mapema kila mwaka. Posho ya mafundi wanne kwa miezi mitatu, pamoja na mkufunzi mmoja kutoka Bagamoyo wa kukaa nao na kuandika wanachofundisha, si fungu la kumtisha mweka hazina. Maofisa utamaduni wa wilaya waanze kwa kuwaorodhesha mafundi hao, kata kwa kata, kabla ya likizo ya Juni ambapo wengi wao huwa kazini kwenye jando. Baadhi yao ni wazee sana.