Minyoo wa kwenye tangi la samaki si wale wa tumboni

Mzazi, ukiwasha taa ya sebuleni usiku na kukuta vijinyoo vyeupe vikitambaa kwenye kioo cha tangi la samaki, lazima ujiulize kama watoto wako salama. Wapo wanaokimbilia duka la dawa kununua dawa za minyoo za familia nzima. Wapo pia wanaomwaga dawa ya kuua viini ndani ya tangi. Hakuna haja ya kufanya hivyo.

Vijinyoo hivi haviishi tumboni mwa binadamu. Minyoo wanaosumbua watoto wetu, kama wa mviringo na wa safura, hutokana na kinyesi cha binadamu kinachochafua udongo, chakula au maji. Dawa ya minyoo anayopewa mtoto shuleni ni kwa ajili ya hao.

Waangalie vizuri. Wembamba kama uzi, wanaojipindapinda majini, hula mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Hawadhuru. Wenye mwili bapa na kichwa cha pembetatu, wanaoteleza taratibu juu ya kioo, huitwa planaria. Usiwaponde wala kuwakata, kwa kuwa kipande kinaweza kukua na kuwa mnyoo mzima. Lakini ukiona nyuzi nyekundu zikining'inia sehemu ya haja ya samaki, huyo ana minyoo ndani ya mwili. Mtenge, kisha muone mtaalamu wa mifugo.

Wakiongezeka ghafla, mara nyingi chanzo ni chakula kingi. Baba analisha asubuhi, mtoto analisha akirudi shule, na dada wa kazi naye anawaonea huruma jioni. Kinachobaki huoza kwenye changarawe, minyoo wanapata karamu na samaki wanakosa hewa.

Fanya hivi:

1. Achaguliwe mtu mmoja wa kulisha. Kiasi kinachotosha ni kile samaki wanachomaliza ndani ya dakika 2, mara moja au mbili kwa siku.

2. Kila wiki punguza robo ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu ulio kwenye changarawe. Usivute maji kwa mdomo. Jaza mpira maji kwanza, kisha shusha ncha moja kwenye ndoo.

3. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatia, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

4. Chujio lisuuze kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi. Usitumie sabuni, kwani inaua bakteria wanaosafisha maji.

Usitie tembe za minyoo za binadamu, chumvi nyingi wala dawa ya kusafishia choo. Minyoo wengi wakifa kwa pamoja, huoza na kuwaua samaki.

Cha kuangalia zaidi kwa afya ya familia ni bakteria wa kwenye maji ya tangi. Yupo mmoja, Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mchubuko wa ngozi. Wiki chache baadaye hutokea uvimbe au kidonda kisichopona, mara nyingi kwenye kidole au mkono. Mwenye jeraha asitumbukize mkono bila glavu, na maji ya tangi yasimwagwe kwenye sinki la kuoshea vyombo. Kila anayegusa tangi anawe kwa sabuni, na mtoto wa chini ya miaka 5 asilisafishe.

Kidonda cha namna hiyo kikitokea, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba nyumbani mnafuga samaki. Asipojua hilo, anaweza kutibu ugonjwa mwingine kwa muda mrefu.