Baraza la Mtandao ni la Nani?

Hakuna mtu wa pwani asiyelijua baraza. Jiwe ni la mwenye nyumba, lakini mazungumzo ni ya waketio. Maadamu pana masikizano, hakuna aulizaye jiwe ni la nani. Swali hilo huja siku ya ugomvi, na ndilo lililowafika watumiaji wa mtandao wa Reddit mwaka 2023.

Reddit ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2005. Ndani yake mna maelfu ya mabaraza: ya mapishi, ya michezo, ya maradhi, ya dini. Wanaoyasimamia, wakifuta matusi na kuamua magomvi, hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Aprili 2023 kampuni ilitangaza kwamba programu za watu wengine zinazotumiwa kusomea mabaraza hayo zitatozwa ada. Mwenye programu iitwayo Apollo alipiga hesabu akaona atadaiwa kiasi cha dola milioni 20 kwa mwaka. Wasioona nao walilalamika, kwani baadhi ya programu hizo ndizo zilizowawezesha kuyafuata maandishi. Hao kampuni iliwaregezea kamba kidogo, wengine la.

Basi Juni 12 mabaraza zaidi ya 7,000 yakafungwa kwa mgomo. Mkuu wa kampuni, Steve Huffman, aliwaambia wafanyakazi wake kwamba jambo hilo litapita. Wasimamizi walioendelea kufunga walionywa kuwa huenda wakaondolewa. Juni 30 Apollo ikafungwa, na kesho yake ada zikaanza.

Kwa nini walishindwa? Kwanza, wengi walitangaza mgomo wa siku mbili tu. Mgomaji akishataja siku ya kurudi kazini, tajiri hana haja ila kungoja. Pili, maandishi yao ya miaka mingi yamo katika mitambo ya kampuni, na funguo inazo kampuni. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Hata hivyo, tusimwonee mwenye nyumba. Kampuni ilisema kuwa haijapata faida, na kwamba makampuni makubwa yanachota maneno hayo bure kufunzia mashine za akili bandia. Hoja hiyo ina uzito, lakini ndiyo hiyo hiyo iliyofichua kuwa mali yenyewe ni maneno ya waketio. Mapema mwaka 2024, ikijitayarisha kuuza hisa, kampuni ilieleza kuwa ina mikataba ya kutoa maneno hayo kwa malipo, yenye thamani ya dola milioni 203. Machi hisa zikauzwa New York, na baadhi ya wasimamizi wakapewa nafasi ya kuzinunua. Kuzinunua, si kugaiwa.

Nasi je? Siku hizi habari za mazishi, michango ya harusi na shughuli za madrasa tumezitia katika makundi ya WhatsApp. Si vibaya. Lakini yafaa majina ya wanachama na hesabu za michango viwe pia katika daftari nyumbani, kwani jiwe tuliloketi juu yake si letu.