Shemeji, pikapu ni ya kubeba viazi

KONA YA UTINGO
Na Utingo Mstaafu

Jumamosi iliyopita nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara ya Mgeta, saa nane mchana, nikimtazama shemeji yangu akilibembeleza gari. Alilizima, akaliwasha. Akaliomba msamaha. Akafungua kitabu chake chenye unene wa Msahafu, akasoma kimyakimya, midomo ikicheza.

Shemeji ni yule yule. Wasomaji wa zamani mnamjua: ndiye mwenye gunia langu la mkaa tangu kabla ya korona, na ndiye aliyeniletea zawadi ya mwavuli unaofunguka wenyewe, ukafunguka wenyewe ndani ya daladala ya Mbagala. Mwaka huu ana pikapu. Nisiseme amenunua, ameioa. Milango minne, viti vya ngozi, skrini yenye ukubwa wa sinia la pilau, kamera kila upande, na sauti ya mwanamke wa Kiingereza inayomwambia ageuze kulia wakati kulia kuna shamba la migomba. Bodi, mahali pale ambapo tangu enzi mzigo ulikusudiwa kukaa, lina urefu wa kitanda cha mtoto na limefunikwa na kifuniko cha umeme.

Nasema mapema, ili asiyependa ahamie kurasa za michezo: pikapu isiyoweza kufunguliwa pale ilipogoma si pikapu. Ni sebule yenye matairi.

Tulikwendaje huko? Ukoo wa Mama Watoto ulikuwa na harusi Morogoro mjini. Kamati ikapiga hesabu, ikaona viazi na njegere vinunuliwe kule kule Nyandira vinakolimwa kuliko kulanguliwa sokoni. Mwenyekiti akauliza nani ana pikapu. Watu wakaniangalia mimi kwa mazoea, nikawakumbusha kuwa gari langu, lile mnalolijua, bado lipo juu ya matofali. Shemeji akanyanyua mkono taratibu, kama mtu anayejitolea figo.

Kwenda hakukuwa na neno. Tulikata kona Sangasanga, tukapita Mlali, tukapanda milima na kiyoyozi chetu. Vituko vilianza kwenye kupakia.

Vijana wa pale Nyandira walikuja na gunia la kwanza mgongoni. Shemeji akapaza sauti kama trafiki: "Taratibu! Msiburuze! Rangi hiyo!" Akatandika turubai. Juu ya turubai akatandika godoro la futi mbili na nusu, alilolitoa nyumbani kwake kwa kazi hiyo. Godoro! Nimelala juu ya magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa mpaka Dar es Salaam kwa miaka mitatu ya ujana wangu, na sikuwahi kuona gunia likilalia godoro. Muuza karoti mmoja akasogea, akatupa pole, akauliza mgonjwa yuko wapi.

Magunia sita ya viazi yakaingia kwa kubebana. Kifuniko cha umeme kikakataa kufunga, skrini ikasema kuna kitu kinakizuia. Kitu chenyewe ni mzigo. Matenga mawili ya njegere tukayaweka kiti cha nyuma, gari likaanza kulia: abiria wa nyuma hawajafunga mkanda. Likalia mpaka tukazifunga njegere mkanda. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu.

Hatukufika mbali. Kwenye mwinuko wa pili injini ikaanza kupumua kama mzee aliyepanda ghorofa, taa ya rangi ya chungwa ikawaka, na ujumbe ukajitandaza kwenye sinia. Shemeji akanitafsiria kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali: chujio la moshi limejaa, endesha kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, bila kusimama, mpaka taa izimike.

Kwa msiofika Mgeta: barabara ile upande mmoja ina mlima, upande wa pili ina vilele vya miti. Vilele, si mashina. Anayekwenda kilomita 60 pale hazimi taa ya chujio, anazima ya kwake.

Mhariri hulalamika kwamba nalaumu bila kueleza, basi nieleze. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana chujio ndani ya ekzosi. Linanasa masizi, kisha linayachoma, mradi gari limepata safari ndefu ya mwendo mzuri na ekzosi imepata moto wa kutosha. Nia njema, na mapafu yetu hayana ugomvi nayo. Lakini pikapu ya shemeji mwaka mzima inajua njia moja, Kimara hadi Posta, kwenye foleni, mwendo wa konokono. Masizi yanaingia, moto wa kuyachoma haupatikani. Chujio likishiba, kompyuta inaiminya injini nguvu isije ikajiumiza. Kwa hiyo gari lilizuiwa lisikimbie na likaamriwa likimbie, na aliyezuia na aliyeamuru ni kompyuta hiyo hiyo. Hata baba mkwe wangu hakuwahi kufika huko.

Nikampigia fundi wangu wa Gerezani. Akasikiliza, akauliza tuna mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Nikamwambia tuna jeki na godoro. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, msifungue kitu." Nimemjua fundi huyu miaka mingi. Ni mtu ambaye ukimwalika chai anakufungulia jiko aone linavyochoma. Sijawahi kumsikia akisema watu wasifungue kitu. Hapo ndipo nilipokwenda kukaa juu ya jiwe.

Na mtu akikaa juu ya jiwe hukumbuka. Kabla sijashika kalamu nilikuwa utingo (Mhariri anadai sijabadili kazi), na shule yangu ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 pikapu, gia zake zikiwa kwenye usukani, bodi la bati tupu lililopindwa na mizigo ya watu waliokwisha kufa. Vijana mnaoandika majina ya magari kwenye fulana hamjui kwamba 404 ilishinda Safari Rally mara nne, na kwamba mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland wa hapa hapa Dar es Salaam. Gari lililoshinda lilikuwa la milango minne, lakini ukoo ni mmoja, na sisi wa pikapu tulitembea vifua mbele kama tulioshinda wenyewe. Ile 404 yetu iliharibika kila wiki. Naam, kila wiki, sidanganyi. Lakini iliharibika kwa lugha tuliyoielewa. Ilikohoa, ukajua ni kabureta. Ililia, ukajua ni beringi. Tulikuwa na spana sita, bisibisi moja na waya wa kufungia majani, na hakuna mahali ilipotulaza siku mbili.

Nilipokuwa katikati ya kumbukumbu hizo ndipo nikaisikia ikija. Hilux, kebini moja, ya zile za dizeli ya 3L, rangi yake ya zamani huwezi kuitaja, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya manila. Imesheheni kabeji mpaka juu ya paa. Kwenye usukani kijana ambaye gari lilizaliwa kabla yake.

"Shikamooni wazee wangu. Imekuwaje?"

Shemeji akaanza kueleza habari za chujio, sensa na programu. Kijana akasikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo viazi vinateremka au haviteremki?"

Viliteremka. Gunia baada ya gunia, kutoka kwenye godoro hadi juu ya kabeji, pamoja na njegere zetu zilizofunguliwa mkanda. Pati za Hilux zikakunjuka mpaka zikanyooka, zikatoa mlio mmoja wa kulalamika, zikanyamaza. Kijana akazunguka, akapiga tairi teke, akasema tunakwenda.

Hatukwenda. Dizeli ilikuwa chini kwenye tangi, na kwa kuwa alisimama kwenye mwinuko, pampu ilivuta hewa. Stata inazunguka, injini haishiki. Nilimwona shemeji akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kijana akamimina dizeli kutoka kwenye dumu la lita tano, akafungua boneti, akaniangalia nywele zangu, akanipa spana namba 17. "Mzee, shika hapa. Nikipiga stata, legeza."

Hakuniuliza kama najua. Yeye kwanza alibonyeza kwa kiganja pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli, ikawa laini laini, kisha ikaanza kuwa ngumu. Akaingia, akapiga stata. Nikalegeza nati ya paipu inayokwenda kwenye nozeli ya kwanza. Likatoka povu jeupe, likichemka kama mate ya mtoto. Povu likapungua, mapovu yakawa moja moja, kisha dizeli safi ikaruka mpaka kwenye saa yangu. Nikakaza. Ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tatu injini ikashika kwa silinda mbili, ikatikisika nzima na kabeji zake, ikapata ya tatu, ikapata ya nne, ikatulia. Dakika nne, labda tano. Nilifuta mikono kwenye suruali ambayo Mama Watoto aliinunua kwa ajili ya harusi. Hilo bado linajadiliwa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika barua kuhusu mifuko ya hewa. Ni kweli, Hilux ile ikigonga ukuta, usukani unakuja kukusalimia kifuani, na mlango wa kamba hauokoi mtu. Breki zisizoganda nazipenda, mifuko ya hewa naipenda. Naomba mtu anieleze tu ni breki gani inayohitaji kifuniko cha umeme, na ni mfuko gani wa hewa usiofanya kazi mpaka kiti kiwe cha ngozi. Wametufungia dawa na sumu kwenye kidonge kimoja, ukikataa kimoja unaambiwa hupendi afya.

Sababu naijua, hamna haja ya utafiti. Pikapu ilipoanza kuegeshwa mbele ya hoteli, ilikwisha. Bosi aliiona mahali, akaipenda umbo, akataka aingie nayo kwenye mkutano bila kunuka samaki. Tangu hapo bodi linafupishwa, kebini inanenepa, na bei inapanda na kebini. Angalieni wenye fedha wasiotaka mchezo wanapanda nini. Wale wa mashirika ya misaada, wanaoweza kuagiza chochote duniani, kutaneni nao Kigoma ndani ndani: wamo kwenye Land Cruiser mkonga yenye 1HZ, lita 4.2, haina turbo, injini iliyoanza kutoka 1990. Hawaipandi kwa mapenzi ya kale. Wanataka kurudi.

Na wakubwa wenyewe wameanza kugeuka. Novemba 2023 Toyota waliizindua Thailand pikapu iitwayo Hilux Champ, ya kebini moja, bodi tambarare lenye matundu ya nati ili kila mtu afunge anachotaka, awe muuza supu au muuza mitungi ya gesi. Marekani nako, nchi ya pikapu zenye ukubwa wa zahanati, Aprili 2025 kampuni moja changa, Slate, iliitambulisha pikapu ya umeme isiyo na redio, isiyo na skrini kubwa, haijapakwa hata rangi, na vioo vyake unazungusha kwa mkono. Kwa mkono! Watu walipiga makofi. Shemeji alinionyesha video yake mwenyewe, akastaajabu. Nilimwambia kwa yule kijana wa kabeji kipo kitasa cha namna hiyo, kimoja. Cha upande wa pili kimepotea, wanaazimana.

Basi tuliteremka. Mimi mbele na kijana, miguu juu ya matenga ya njegere, tukiimba na redio yenye kipaza sauti kimoja. Nyuma yetu, taa za hatari zikiwaka, ikaja pikapu ya shemeji, tupu, imelaza godoro peke yake, ikisindikiza viazi vyake yenyewe kwa mwendo wa jeneza. Pale Mlali watoto walisimama kando ya barabara wakavua kofia.

Kijana alichukua fedha ya dizeli na kabeji moja iliyodondoka akairudisha juu. Harusi ilikula viazi. Pikapu ilirudi Dar es Salaam juu ya lori, na sasa iko gereji moja yenye vigae, mahali ambapo mafundi wanavaa glavu na wanakuomba usubiri kwenye kochi. Kuna kifaa kinaagizwa. Bei waliyomtajia shemeji inakaribia ya Hilux ile, pamoja na kabeji.

Lakini hajakata tamaa. Jana alikuja nyumbani, bila gunia langu la mkaa, akanionyesha kwenye simu yake kitu ambacho pikapu zetu za zamani hazikuwa nacho: programu inayokuonyesha gari lako lilipo, saa 24, popote ulipo duniani. Alibonyeza, ramani ikafunguka, likatokea doa la buluu.

Lipo gereji. Halijasogea siku sita.