Ziwa Victoria na Joto la Mashine

Wengi hudhani kwamba kompyuta hazina budi kufungiwa katika chumba chenye baridi kali, na kwamba nchi za joto hazina bahati katika jambo hili. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa kanuni za fizikia, hasa mjini Mwanza, penye maji tele.

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Kompyuta 40, kila moja ikitumia wati 100, hutoa joto la wati 4,000. Kiyoyozi hulisukuma joto hilo kutoka chumba cha baridi hadi nje penye joto zaidi. Kazi hiyo ni kama kupandisha maji mlimani, nayo hudai umeme wa ziada.

Lita moja ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya Sentigredi. Kwa hiyo lita moja tu kwa sekunde yatosha kuchukua joto la kompyuta zote 40.

Mjini Toronto, Kanada, tangu 2004 majengo mengi hupozwa kwa maji ya nyuzi 4 hivi, yavutwayo kutoka kina cha mita 83 cha Ziwa Ontario. Ziwa Victoria halina ubaridi huo. Maji yake hukaribia nyuzi 25. Hata hivyo, hilo si kizuizi. Huko Garching, Ujerumani, kompyuta kubwa ya SuperMUC, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilipozwa kwa maji ya nyuzi 40 hivi. Vipande vyake vilikuwa na joto kuliko maji hayo, na joto hutiririka lenyewe kutoka palipo na moto hadi palipo na ubaridi.

Kituo cha data kitakachojengwa Mwanza, basi, kisiige vyumba vya barafu. Lakini maji ya ziwa, yenye mwani na matope, yasiingie ndani ya mashine. Yapokee joto la maji safi kupitia kuta za mabomba. Wala yasirudishwe yakiwa na joto la kudhuru samaki, katika ghuba ambayo imekwisha kusumbuliwa na magugumaji.

Shule nazo zaweza kuanza sasa. Wataalamu hupendekeza hewa ya nyuzi 18 hadi 27 kwa vyumba vya mashine. Wanafunzi wapime joto la chumba chao cha kompyuta asubuhi na alasiri, kisha wahesabu ni saa ngapi kiyoyozi kinawashwa bila haja.