Visa imeondolewa, fomu imebaki

Wakenya wenzangu, msidanganyike na neno "bila visa". Ushelisheli haitudai visa, safi kabisa! Lakini kabla ya kupanda ndege lazima uombe ruhusa ya kusafiri mtandaoni, na uilipie. Kenya nayo ilifuta visa Januari 2024, ikaleta eTA ya dola 30. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na najua kubadilisha jina la kitufe hakubadilishi kazi yake.

Mwaka jana niliitafuta fomu hiyo, nikabofya jibu la kwanza, nikalipa. Kumbe ni tovuti ya dalali, bei mara tatu! Mimi mwenye digrii ya kompyuta. Je, mama yangu angepona?

Basi andika mwenyewe anwani ya serikali, matangazo yapite. Beba tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi na cheti cha homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha.

Serikali zikitaka ada, zitoze. Ila ziiite ada, na dalali atakosa pa kujificha.