Mtoto Pia Anamlea Mzazi

Nani hapa hajawahi kudanganywa na mzazi mlangoni? "Baki na shosho, nikirudi nakuletea mandazi." Unabaki. Jioni anarudi mikono mitupu, na ukiuliza unaambiwa una maswali mengi.

Sasa kuna rabi wa zamani, Rabi Zeira, ambaye maneno yake yako kwenye Talmudi, ile mijadala mikubwa ya sheria ya Wayahudi. Yeye alisema usimwahidi mtoto kitu halafu usimpe, kwa sababu hapo unamfundisha uongo. Hebu angalia nani amewekwa kizimbani. Sio mtoto! Kabla upate mtoto ulikuwa unasema "niko njiani" ukiwa bado umejifunga taulo, na hakuna aliyejali. Sasa kuna kajaji kadogo hapo kwa nyumba, kanasikia kila kitu na kesho kanarudia. Ukitaka kawe kakweli, itabidi uanze wewe.

Hiyo ndiyo naipenda kwa malezi ya Kiyahudi. Mzazi naye bado anafinyangwa.

Talmudi hiyo hiyo inataja wajibu wa baba kwa mwanawe: amtahiri, amfundishe Torati, amwozeshe, amfundishe ufundi. Halafu kuna waliosema pia amfundishe kuogelea. Nilikwama hapo. Sababu yao ni rahisi tu, kwamba maisha yake yanaweza kutegemea hilo. Lakini mimi naona kitu kingine: huwezi kumfundisha mtu kuogelea ukiwa umemshika milele. Kuna siku unamwachilia, unasimama kando, na moyo unakudunda wewe.

Na kuna hii ya mjakazi. Alikuwa akifanya kazi kwa nyumba ya Rabi Yehuda, yule mkuu aliyekusanya Mishna. Akamwona mwanamume anamchapa mwanawe ambaye tayari ni mtu mzima. Akatangaza huyo baba atengwe. Hoja yake? Torati inakataza kumwekea kipofu kikwazo, na ukimpiga mtu mzima unamchokoza arudishe, yaani unamsukuma atende dhambi. Wasomi hawakuichukulia kauli yake kama mchezo, kwa miaka 3. Mjakazi, wasee! Hapa kwetu angeambiwa ashike ufagio.

Najua mtaniambia kuheshimu baba na mama ni mojawapo ya zile amri 10. Ni kweli, na Wayahudi hawachezi nayo. Lakini kuheshimiwa hakukupi ruhusa ya kukataa kukua. Mzazi anayejua mwanawe anamwangalia hupunguza sauti, hulipa deni, huomba msamaha. Hakuna semina itakufundisha hivyo.

Nilipoacha chuo, mzee wangu alinipigia kelele mbele ya majirani. Tulikaa miezi 4 tukisalimiana tu kupitia mathee. Halafu Ijumaa moja usiku akanipigia simu. Akanyamaza, nikasikia redio yake kwa mbali.

"Kijana wangu, vile nilikuongelesha siku ile, nilikosea. Lakini bado nataka urudi shule."

Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema pole hata kwa ng'ombe. Sikujua nijibu nini. Nikamuuliza, "Baba, umekula?"